Rili Ambayo Mbaruku Hajaisikiliza

Ghorofa ya 14,
Flemingdon Park,
Toronto, Kanada.

16 Februari 2025

Mpendwa dada Saumu,

"Rili za Bahadur ni kazi ya familia moja ya wavuvi hodari wa Tanga: baba aliyezibuni, na mwanawe wa pekee aliyezikamilisha." Nimeyatafsiri maneno hayo kutoka Kiingereza kama yalivyo, sikuongeza chumvi. Yamo kwenye kijitabu cha matangazo ambacho kaka yangu Alnasir ameniletea, kimechapwa kwenye karatasi nzito inayonukia sabuni ya hoteli. Wavuvi hodari! Babu Bahadur alitapika kwenye boti ya kwenda Pemba kabla haijang'oa nanga. Na mwana wa pekee! Kama mwana alikuwa mmoja, basi wewe Saumu ni mjukuu wa nani?

Nisamehe. Nimeanza kugombana kabla ya kusalimia, na marehemu mama yako angenirudisha mlangoni nikaingie upya. Haya, nimerudi mlangoni. Assalamu alaikum, dada yangu. Shikamoo. Goti linaendeleaje, lile la kushoto? Binti yako Mwanamvua alinitumia picha yako umekaa kibarazani unachambua mchicha, nikaona mashavu yamepungua. Unakula? Na dawa za presha unazimeza, au zimewekwa juu ya kabati zipendeze?

Sisi ni wazima kwa kiasi chetu. Baba, ami yako Jalaludin, anakula, analala na anacheka. Kumbukumbu ndiyo inayomtoka. Asubuhi ananijua, mchana ananiita kwa jina la marehemu mama, na jioni ananiuliza kwa adabu kubwa mimi ni mgeni wa nani. Miguu haimchukui tena, yumo kwenye kiti cha magurudumu. Ukimtajia Tanga, uso unamfunguka kama mtu aliyesikia mlango wa kwao ukigongwa.

Theluji imetufunika. Hilo ningelivumilia, lakini lifti zote mbili za jengo letu zimekufa tangu Jumatatu, na kiti cha magurudumu hakishuki ngazi za ghorofa kumi na nne. Mkate na maziwa anatuletea jirani yetu Goretti, mama wa Kikongo kutoka Uvira, anayepanda ngazi huku akimlaani mwenye jengo kwa Kifaransa, kisha anafika mlangoni akitabasamu. Dirishani naona bonde lote limekuwa jeupe, na mabasi ya barabara ya Eglinton yakipita na watu wenye mahali pa kwenda. Mimi sijakanyaga ardhi wiki nzima. Hata lifti zikifufuka sina mbali pa kwenda, kwa kuwa Baba haachwi peke yake. Niliacha kufundisha kwa ajili hiyo, na siku hizi nagombana na dunia kwa maandishi, Baba anaposinzia. Gazeti la jumuiya linanichapa. Wenye majengo hawanipendi, nami siwadai mapenzi.

Utasema, kwa nini barua wakati simu zipo? Kwa sababu kwenye simu nikikasirika napayuka, nawe nikipayuka hukata. Barua hii anaichukua Shamez, mpwa wa marehemu mama, anayesafiri Jumanne kwenda Dar. Ataikabidhi kwa basi la Tanga, Mwanamvua akaipokee stendi. Naomba akusomee kwa sauti, na wadogo zake wakae wasikilize. Mengine nitakayoyaandika wewe unayajua kuliko mimi, lakini wao hawayajui, na sasa wanatakiwa wayajue haraka.

Basi wasikie. Babu yetu Bahadur alikuwa fundi wa saa na cherehani, karakana yake Barabara ya Sokoni. Alipofika Tanga alimwoa Bi Mwanatumu wa Mwambani, kwa ndoa ya halali, mbele ya mashahidi. Akamzaa Mbaruku, baba yako. Miaka kadhaa baadaye ukoo wake wa Kihindi kule Kachi ukamletea mke mwingine kwa meli, naye ndiye aliyemzaa baba yangu. Wana wawili, baba mmoja, meza moja ya kazi. Mtu yeyote Tanga mwenye umri wa kutosha atakuambia hivyo, na hatahitaji karatasi nzito.

Siku moja Mzungu meneja wa shamba la mkonge akamletea Babu rili mbovu. Rili, enyi watoto mnaosikiliza, ni kile kigurudumu chenye mkono wa kuzungushia, kinachofungwa kwenye fimbo ya kuvulia na kukunja mshipi, ule uzi wa kuvulia. Babu hakuwa ameiona maishani mwake. Aliifungua, akaitengeneza, na kabla ya kuirudisha akaichora kila kipande, akaanza kutengeneza za kwake. Shaba ya manjano aliipata kwenye mabaki ya bandarini, kipini akakichonga kwa mpingo. Zilitoka nzuri kuliko ile ya Ulaya. Wazungu wa Raskazone wakaanza kupanga foleni, kisha wa Mombasa, kisha wageni waliokuja kuvua nguru na jodari kwenye mkondo wa Pemba.

Sasa njoo kwenye uongo wa kwanza wa kijitabu. Ubavuni mwa kila rili ya Bahadur kuna kibati kidogo cha shaba kilichoshikwa na skrubu tatu. Kijitabu kinakiita "bamba la Bahadur, ubunifu wa kihandisi wa kuhimili nguvu za samaki wakubwa." Wazee wa hapa wanaokusanya rili za zamani wanakipapasa kibati hicho kwa kidole kama watu wanaosali. Saumu, unajua kile ni nini! Ile rili ya meneja wa mkonge ilikuwa imeanguka ikapata ufa, na fundi fulani wa melini akauziba kwa kiraka. Babu, asiyejua kuvua hata dagaa, alidhani kiraka ni sehemu ya mashine. Akakinakili kwa uaminifu, na skrubu zake tatu, kwenye kila rili aliyotengeneza.

Aliyegundua ni baba yako, maana yeye alikuwa akivua na wajomba zake wa Mwambani na alikuwa ameona rili nyingine. Akamwambia, "Baba, hiki ni kiraka. Tunauza rili mpya zenye viraka." Babu akavua miwani, akakitazama kibati muda mrefu, akasema, "Wateja wameshakizoea. Kiache." Baba aliponisimulia hilo alikuwa akicheka mpaka machozi. Hebu niambie wewe, historia ipi ni nzuri zaidi, ya mhandisi hodari ambaye hakuwapo, au ya fundi mwaminifu aliyenakili mpaka kosa, na mwanawe aliyemwambia ukweli akajibiwa kwa biashara?

Nimesoma historia nyingi za viwanda vya Ulaya na Amerika. Zote zinafanana. Kuna mzee mwenye ndevu, kuna kibanda nyuma ya nyumba, kuna wazo lililomjia ghafla. Hakuna anayeandika nani alisimama kwenye mashine ya kukereza, nani aliungua vidole, nani alisema hapana pale ambapo wote walitaka ndiyo. Sikutegemea kwamba nyumba yetu nayo itajitengenezea mzee wa namna hiyo, tena kwa kumfuta mtu niliyemwita ami mkubwa.

Maana kilichozifanya rili zile zidumu ni breki, na breki ni ya baba yako. Za Ulaya zilikuwa zinakwama zikishapata maji ya chumvi. Ami Mbaruku akakata vipande vya ngozi ya mkanda wa mashine, akaviloweka kwenye mafuta ya papa, yale ambayo wenye mashua wanapaka mbao zao. Karakana ikanuka mpaka Bibi akahamisha jiko. Wazungu walilalamika kwamba rili zinanuka, wakaendelea kuzinunua.

Na majaribio je? Ninyi watoto mngelipa kiingilio. Baba yangu, kijana wakati ule, alikuwa anapanda baiskeli, mshipi unafungwa nyuma ya tandiko, naye anakanyaga kwa nguvu zote kuelekea stesheni. Ami Mbaruku amesimama mlangoni mwa karakana na fimbo na rili mkononi, anakaza breki kidogo kidogo, mpaka baiskeli inapunguza mwendo, inasimama, na mpandaji anaanza kuvutwa nyuma barabara nzima ikimtazama. Watu wa sokoni walikuwa wanauliza kila mara, "Mbaruku, leo umevua nini?" Naye anajibu bila kugeuza kichwa: "Nimevua Mhindi. Lakini mdogo, namrudisha."

Kuna muuza nazi aliyejaribu kumchokoza, "Na wewe je, si Mhindi?" Akajibiwa, "Mimi nusu. Nusu hairuhusiwi kuvuliwa."

Baada ya baiskeli ilikuja ile sehemu iliyomfanya Babu mwenyewe anyamaze. Ami Mbaruku aliiweka rili sikioni, akaizungusha polepole, akasikiliza gia na kile kijino kinachotoa mlio ndani. Mlio ukiwa na kigugumizi, aliirudisha mezani: "Hii inadanganya." Ukiwa sawa, alisema neno moja, "Imepita," na hapo tu ndipo rili ilitoka dukani. Nakumbuka nami, nikiwa mtoto, Mjerumani mmoja amekaa kwenye kiti cha wateja asubuhi nzima, na Babu, mwenye duka, jina lake juu ya mlango, akimwambia kwa unyonge, "Mbaruku bado hajaisikiliza." Na nakukumbuka wewe, msichana mkubwa umeshavunja ungo, unapita na beseni la nguo, naye anakuita akuwekee rili sikioni: "Saumu, imepita?" Ulikuwa mkali kuliko yeye. Nilikuwa nakuonea wivu, kwa sababu mimi hakuniuliza hata mara moja. Alisema masikio yangu yana haraka.

Tulipoondoka mwaka wa themanini na nne, shaba ilikuwa haipatikani na Babu alikuwa ameshazikwa. Baba yako alibaki na mashine ya kukereza, akaendelea kutengeneza pampu na kusikiliza rili za zamani zilizorudi kutafuta tiba, mpaka alipofariki. Mungu amrehemu. Rili za mwisho mikono yake ndiyo iliyozigusa, si ya baba yangu, aliyekuwa huku Toronto akifunga milango ya magari kiwandani.

Sasa jambo lenyewe. Kampuni moja ya hapa ya vifaa vya uvuvi inataka kuzitengeneza upya rili za Bahadur, kwa jina letu, na kiraka juu. Alnasir ameshakubali kwa niaba ya Baba, maana yeye ndiye mwenye mamlaka ya kisheria juu ya mambo yake. Mimi sahihi yangu haihitajiki popote. Lakini watu wa kampuni walipokuja kumhoji Baba, Baba akazungumza saa nzima juu ya "kaka yangu Mbaruku." Wakili wao akashtuka. Kwa hiyo wiki ya kwanza ya Machi wakili wa Tanga atakuja kwako Ngamiani na karatasi. Karatasi inasema kwamba Mbaruku alikuwa mwajiriwa wa karakana, kwamba hakuwa na sehemu katika kazi wala jina, na kwamba wewe, mtoto wake pekee aliye hai, hutadai chochote wala kusema kinyume. Watakupa kitu kidogo, wataita zawadi.

Nimebanwa, dada, na nakuambia nilivyobanwa ili usidhani nakutuma vitani nikiwa nimekaa kivulini. Nilipomkabili Alnasir hapa sebuleni, hakupiga kelele. Heri angepiga. Alivua viatu, akakaa karibu na Baba, akamrekebishia blanketi.

"Zebu," akasema, "kila kampuni ina hadithi yake. Mteja hanunui ukoo, ananunua rili."

"Basi mwambie ukoo wote. Itawapunguzia nini?"

"Wamenunua hadithi ya baba na mwana. Ukianza wake wawili, mtoto wa huku, mtoto wa kule, watakwenda kununua jina la watu wengine. Halafu umwambie Baba kwamba rili hazitatoka. Umwambie wewe. Tangu tumekuja nchi hii anasema anataka kuziona tena. Unataka afe akisubiri ukweli wako?"

Mimi niliyewajibu mameya nikaitikia kwa kichwa. Kwa sababu ni kweli, Baba amelisema hilo miaka arobaini. Kisha Alnasir akaniuliza, kwa upole uleule, kama nimeshafikiria mambo yatakavyokuwa mwezi wa nne, mkataba wa nyumba ukiisha, na kama nadhani Baba angeizoea nyumba ya wazee. Nyumba tunayokaa iko kwa jina lake. Hakunitisha. Aliuliza tu, akavaa viatu, akashuka ngazi zote zile, nami nikabaki nimesimama na kijitabu mkononi kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa mwenzake.

Si mtu mbaya, Saumu. Anampeleka Baba kwa daktari, anakuja kila Jumapili. Ndiyo maana ni vigumu. Mtu mbaya ningeshammaliza kwa aya mbili.

Siku zilizofuata niliishi kama panya kwenye ndoo. Nikikaa kimya, nimemuuza baba yako. Nikisema, nimemnyang'anya baba yangu tamaa yake ya mwisho, na pengine paa pia. Nilizunguka sebule, jikoni, sebule. Niliandika makala nikachana. Niliwaza nikuombe utie sahihi kwa ajili ya Baba, nikaanza barua, nayo nikaichana.

Alhamisi akaja Alia, binti wa Alnasir, amepanda ghorofa zote kumi na nne anahema kama mbuzi wa kupanda mlima. Alileta rili ya kwanza ya mfano, mpya kabisa, inang'aa, na fimbo yake. Alitumwa apige video Baba akiishika na kutabasamu, ya kutangazia. Alia ni msichana mwema, anaelewa Kiswahili chote lakini anajibu kwa Kiingereza, na ndiye aliyeandika kile kijitabu. Nilitaka kumfukuza. Lakini Baba alikuwa ameshaiona.

Aliichukua kwa mikono miwili. Akapapasa kiraka, akacheka kidogo. Akazungusha mkono. Kisha akaniangalia, akasema kwa Kiswahili, sauti kavu ya kazini, "Baiskeli iko wapi?"

Sikujua la kufanya. Baiskeli hatuna, na barabara iko chini kabisa. Nikamsukuma mpaka kwenye ukumbi mrefu wa ghorofa yetu, wenye milango pande zote na zulia la rangi ya chai iliyochacha. Nikajifunga mshipi kiunoni. Nikaanza kutembea, kisha kukimbia kadiri umri unavyoniruhusu, kuelekea chumba cha kutupia taka. Na Baba, mzee anayesahau kama amekula, akakaza breki.

Dada, nilivutwa. Taratibu, bila kushtuliwa, kama mtu anayekumbushwa jambo. Nilisimama katikati ya ukumbi nikikaza miguu na sikuweza kusonga hata kidogo. Nikawaza, haya, hapa ndipo nilipo kweli, mwanamke wa miaka hamsini na mitano amefungwa kiunoni kwenye ghorofa isiyo na lifti, mbele taka, nyuma baba. Nikaanza kurudi kinyumenyume.

Mlango wa Goretti ukafunguka, akatoa kichwa chenye kitambaa. "Eh! Papa! Muko navua samaki gani humu?"

Na Baba, bila kugeuza kichwa, kwa sauti ambayo si yake, ambayo sijaisikia tangu nikiwa msichana wa miaka kumi na minne, akasema: "Nimevua Mhindi. Lakini mdogo, namrudisha."

Goretti alicheka mpaka akajishikilia ukutani. Alia naye akacheka, simu mkononi, bila kujua anacheka nini. Mimi nilikaa chini kwenye lile zulia, na mshipi bado kiunoni. Ilikuwa sauti ya baba yako, Saumu. Pumziko lilelile kabla ya neno "mdogo".

Baba akafungua rili kwenye fimbo, akaiweka sikioni, akaizungusha. Akainyoosha upande wake wa kushoto, hewani, pale ambapo mtu mwingine angekuwa amesimama, akangoja. Tulingoja wote. Mkono hakuuteremsha.

Alia akajipinda kumtazama usoni. "Is he okay?" Kisha akamwambia kwa upole, kwa Kiingereza, kwamba rili ni nzuri, babu, zitauzwa nyingi.

"Mbaruku hajaisikiliza," Baba akasema. "Haitoki."

Akairudisha mapajani, akaifunika na blanketi, na mpaka ninapoandika hapa hakuna aliyeweza kumpokonya. Analala nayo.

Alia akanigeukia. Akaniuliza, Mbaruku ni nani? Yeye, aliyeandika "mwanawe wa pekee" kwa mkono wake! Nikamwambia, "Ni baba wa yule mwanamke ambaye baba yako anataka akane kwamba alikuwa na baba." Akakaa kando yangu kwenye zulia. Akataka nimweleze, nikamweleza, kiraka, mafuta ya papa, baiskeli, kila kitu, na Goretti akituletea chai. Hakusema atafanya nini. Nami siahidi chochote kwa niaba yake.

Jioni Alnasir akapiga simu. Alikuwa ameiona video. "Baba hajui anachosema," akasema.

"Lakini mlitaka ajue anachotabasamia."

Kisha akasema kile kipande kitakatwa.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo nilipopata pa kukanyaga baada ya wiki nzima. Alnasir alinishinda kwa hoja moja tu, kwamba hii ndiyo tamaa ya Baba. Si kweli. Baba amepewa rili, mpya, ya jina lake, mkononi mwake, na amekataa kuitoa. Alichokuwa akikitaka miaka arobaini hii si rili. Ni ile hukumu mlangoni. Anataka karakana yenye watu wawili. Kampuni imempa karakana yenye mtu mmoja, naye, kwa akili yake iliyobaki kiasi cha kiganja, ameona haijatimia.

Najua utakachosema. Utasema ni rahisi kwangu, si mimi ninayenyeshewa jikoni kwa bati bovu. Ni kweli. Zawadi yao ingeezeka jiko na pengine ingebaki ya mazulia. Sitakudanganya kwamba heshima inazuia mvua. Sina cha kukupa badala yake. Ningekuwa nacho ningekwishakituma. Ninachojua ni kwamba watoto wako watakaa chini ya bati hilo jipya, na siku moja mmoja wao ataona rili dukani au kwenye simu, atauliza, nawe utakuwa umetia sahihi kwamba huna la kusema. Nao Alnasir na kampuni yake wanakuhitaji wewe. Mimi wanaweza kunizunguka, Baba wanaweza kumkata kwenye video. Wewe hawawezi. Wakiandika upya kwamba Mbaruku bin Bahadur alizitengeneza rili hizi pamoja na baba yake na mdogo wake, tia sahihi, upokee zawadi yako, ezeka. Kabla ya hapo, hapana.

Mwezi wa nne utakuja na mambo yake. Goretti amesema ana sofa, na anasema kwa namna ya mtu ambaye ameshawahi kulala kwenye sofa za watu na hakufa. Tutaona.

Nisalimie Mwanamvua na wadogo zake, mmoja mmoja kwa jina. Nisalimie shemeji, umwambie kahawa aliyonitumia mwaka juzi bado naionea choyo, wageni nawapa ya dukani. Nisalimie Bi Nuru jirani kama angali anagombana na kuku. Mkifika makaburini, someni Fatiha ya Ami Mbaruku na mama yako, mniwekee na yangu. Mungu awape mfungo mwepesi, na mvua za masika zipite mbali na jiko lako.

Na sasa nawaambia ninyi mliokaa hapo mnasikiliza. Mwanamvua, wakili akija, mkaribishe, mpe maji, umrudishie kalamu yake. Dada Saumu, usitie sahihi. Ijumaa ya mwisho kabla ya mfungo, saa kumi alasiri kwenu, simu italia. Zima redio, funga mlango wa uani, iweke sikioni. Nitakuwa nimeketi karibu na Baba na blanketi limefunuliwa, naye ataizungusha polepole. Usiseme na mimi. Sikiliza mpaka mwisho, kisha mwambie ami yako imepita au haijapita. Na kama mlio una kigugumizi, usimhurumie mtu. Mwambie haijapita.

Mdogo wako akupendaye, mwenye masikio ya haraka,

Zebunissa binti Jalaludin